Mkopo usiojua mbalamwezi

Nimesikia tena ile hoja kwamba wafanyabiashara wadogo wa Mwanza hatukui kwa kukosa mtaji, basi tuongezewe mikopo. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, na ninapinga. Mikopo imejaa. Kinachotumaliza ni marejesho.

Dagaa wa ziwa letu huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukijaa taa haiwavuti tena, mitumbwi inalala ufukweni siku kadhaa. Mtoto yeyote wa Igombe anajua hilo. Lakini mkopeshaji wa mtaani tunayemwita kausha damu anataka rejesho lake kila siku, giza au mbalamwezi. Mwaka jana nilichukua laki tano, rejesho 22,000 kwa siku 30. Mwanzo nililipa vizuri. Mbalamwezi ikaingia, na giza liliporudi mvua ikanikuta mzigo umetandazwa mchangani. Mteja wangu akachota kiganja, akanusa, akakung'uta mchanga, akawarudisha guniani bila neno. Niliwauza kwa bei ya chakula cha kuku. Rejesho likala mtaji wenyewe, nikakopa kwingine kuziba. Utakuaje hapo?

Nasema hivi: mkopo wa dagaa ulipwe wakati wa giza, mwezi ukijaa deni lipumzike. Na watupe mkopo wa vichanja vya kuanikia. Dagaa wakianikwa juu hawashiki mchanga, na mvua ikija unavuta turubai.

— Dada yangu, pole. Ila usiwatwishe wakopeshaji mzigo wote. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kwa nini ukimbilie kausha damu? Halafu tuambizane ukweli, wengi tunakula mtaji. Ada ya shule inatoka humo humo, msiba humo humo, na daftari hakuna.

— Kaka, la daftari umenishika, nakubali. Lakini mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. Katikati hapo watoto walikuwa wanakula. Na ni ya vikundi: usajili, katiba, akaunti, andiko, vikao. Mtumbwi ukiingia alfajiri, mwenye dagaa anataka hela palepale, ukichelewa anamuuzia mwingine. Kausha damu anatoa siku hiyo hiyo, ndiyo maana anatupata. Na wewe mwanaume uliyepita umri wa vijana, fungu lako liko wapi?

— Naomba niongeze kidogo, niko Ukerewe. Kikoba chetu tulishaacha kudai kwenye mbalamwezi. Marejesho tunapokea giza tu, na katika wote waliokopa tangu tuanze utaratibu huo hakuna aliyekimbia. Shida yetu ni moja, kisanduku chetu ni kidogo, mkopo mkubwa tuliowahi kutoa ni laki tatu. Kalenda tunayo. Nawauliza mliomo humu mnaofanya kazi benki: nani ataleta hela na kukubali kuifuata kalenda hiyo?