Mjadala: Hatua zikipotea, nota nazo zizikwe? Ruth Page na watunzi wa Marekani waliosahauliwa

Mwenzetu mmoja ametoa hoja kwamba baleti iliyopoteza hatua zake imekwisha kufa, na kwamba kuutungia muziki wake hatua mpya ni kumwita mtu mwingine kwa jina la marehemu. Mwingine akaunga mkono kwa kusema kwamba mtunzi wa dansi hana deni lolote kwa mtunzi wa muziki aliyesahauliwa, kwa kuwa kazi yake ni kuwachezesha wachezaji wake, basi. Hoja zote mbili nimezitafakari kwa siku kadhaa, na sikubaliani hata na moja. Nitamtumia Ruth Page, mchezaji na mtunzi wa baleti wa Chicago, kueleza kwa nini, kwa sababu katika maisha ya mwanamke huyu suala hili lina majina na tarehe.

Page alizaliwa Indianapolis mwaka 1899 na kufariki Chicago mwaka 1991. Angali msichana alizunguka Amerika ya Kusini na kundi la Anna Pavlova, mcheza baleti mashuhuri wa Urusi, na mwaka 1919 akacheza nafasi ya binti mfalme katika The Birthday of the Infanta, baleti ambayo muziki wake ulitungwa na John Alden Carpenter, mwana wa Chicago aliyekuwa akitunga huku akisimamia biashara ya familia. Mwaka 1928 alikuwamo katika onyesho la kwanza kabisa la Apollon musagète, baleti ya mtunzi wa Kirusi Stravinsky, mjini Washington. Mtu mwenye historia hiyo angeweza kumaliza maisha yake yote akicheza muziki wa Ulaya, na hakuna ambaye angemlaumu. Hata hivyo katika miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ukiwa umeanguka, aliwaendea watunzi wa nchi yake: William Grant Still, Aaron Copland na Jerome Moross.

Nianze na Still, maana hapo ndipo penye uzito. Alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Mississippi mwaka 1895, na simfoni yake iitwayo Afro-American ilipigwa mara ya kwanza mwaka 1931 mjini Rochester, okestra ikiongozwa na Howard Hanson. Nota za baleti yake La Guiablesse alikuwa amezimaliza tangu 1927. Page aliiweka jukwaani Chicago mwezi Juni 1933, mji uleule na mwezi uleule ambao Chicago Symphony Orchestra ilipiga simfoni ya kwanza ya Florence Price, mwanamke mweusi wa kwanza kupigiwa simfoni na okestra kubwa ya Marekani. Kisa cha baleti kimetoka Martinique: mwanamke mzuri kupita kiasi anamtokea kijana njiani, kijana anamwacha mchumba wake na kumfuata hadi mlimani, na huko anaangamia. Msomaji wa Mombasa au Tanga hahitaji kufafanuliwa zaidi. Huyo ni ndugu wa yule jini mwenye kwato tuliyetishwa naye utotoni.

Wachezaji walikuwa weusi, isipokuwa mmoja. Nafasi ya mwanamke huyo wa kishetani aliicheza Page mwenyewe, aliyekuwa mzungu. Wanaomlaumu kwa hilo wana haki, na sioni sababu ya kumtetea kwa kusema kwamba ndivyo ulivyokuwa wakati ule, kwa sababu wachezaji weusi waliosimama nyuma yake nao waliishi wakati uleule na walijua vizuri nani amesimama mbele. Lakini hesabu isiishie hapo. Mwaka uliofuata, 1934, nafasi hiyo ilikwenda kwa Katherine Dunham, mchezaji kijana mweusi wa Chicago aliyekuwa tayari katika kundi. Mwaka 1935 Dunham alisafiri kwenda visiwa vya Karibi kufanya utafiti, Martinique ikiwamo, na Januari 1938 akaonyesha L'Ag'Ya, kazi yake mwenyewe iliyowekwa katika kijiji cha wavuvi cha kisiwa hicho. Muziki wa L'Ag'Ya ulitungwa na Robert Sanders. Jina la Dunham linafundishwa vyuoni, nalo limestahili. Sanders je, ni wangapi kati yetu wamewahi kumsikia?

Ndugu anayesema mtunzi wa dansi hana deni aitazame Chicago ya mwaka huohuo wa 1938. Mwezi Juni, Page na mchezaji mwenzake Bentley Stone walionyesha Frankie and Johnny, kwa muziki wa Moross aliyekuwa na miaka ishirini na minne tu. Mwezi Oktoba, katika mji huohuo, kundi la Ballet Caravan likaonyesha Billy the Kid ya mtunzi wa dansi Eugene Loring, kwa muziki wa Copland. Kazi zote mbili zilichukua nyimbo za watu wa kawaida na visa vya bunduki vya Marekani yenyewe. Copland aliendelea na Rodeo ya Agnes de Mille mwaka 1942, kisha Appalachian Spring ya Martha Graham mwaka 1944, na mwaka 1945 akapewa tuzo ya Pulitzer. Moross alikwenda kujipatia riziki katika sinema, na wengi wanaomjua leo wanamjua kwa muziki wa filamu ya The Big Country. Sisemi kwamba walilingana kipaji. Ninachosema ni kwamba miguu ya wachezaji ndiyo iliyombeba Copland hadi masikioni mwa nchi nzima, na kwa hiyo haiwezekani tena kudai kwamba dansi haina uwezo wala wajibu juu ya jina la mtunzi.

Muziki wa Frankie and Johnny nimeusikiliza mara nyingi, na kila mara nanaswa na wale waimbaji watatu wa kike. Wamevaa kama wahubiri wa Jeshi la Wokovu, wamesimama pembeni, na wanaimba kisa cha Frankie kumpiga risasi mwanamume aliyemsaliti huku mauaji yenyewe yakichezwa mbele yao. Sauti zao zimepangwa kama kwaya ya kanisani ilhali chini yake okestra inapiga blues. Moross hakuwaweka kwa pambo. Ukiwaondoa, kisa kinakuwa cha mapenzi na bastola. Wakiwapo, ni mji mzima unaomhukumu mwanamke.

Sasa nirudi kwenye hatua zilizopotea. Baleti za wakati ule zilirithishwa mwili kwa mwili: mchezaji mkongwe alimwonyesha mchanga, na kumbukumbu ilikaa katika misuli. Dance Notation Bureau, taasisi ya kuandika miondoko kama nota zinavyoandikwa, ilianzishwa New York mwaka 1940, baada ya kazi hizi za Chicago. Karatasi za muziki zina uvumilivu mwingine. Mwaka 2009 mafurushi ya nota za Florence Price yalikutwa katika nyumba iliyotelekezwa huko St. Anne, Illinois, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake mwaka 1953, na sasa zinapigwa. Nota za baleti zimebanwa pande mbili. Okestra huziona kama muziki wa kusindikiza dansi na kuzipita; makundi ya baleti nayo husema dansi yake haipo tena, hivyo hakuna cha kufanya. Nota za Still zinakaa kabatini kwa sababu ya hatua zilizosahauliwa na watu wengine.

Pendekezo langu ni hili: La Guiablesse itungiwe hatua mpya, ikiwezekana na mtunzi wa dansi kutoka Karibi, ichezwe na okestra kamili badala ya kanda, na jina la Still liandikwe kwenye bango kwa herufi sawa na za mtunzi wa hatua. Anayeona kwamba kufanya hivyo ni kumkosea Page ajibu hili: mwaka 1933 okestra ilipoanza kupiga, ni nini kilichokuwapo kwanza, hatua za Page au nota zilizokuwa zikingoja kwa miaka sita?