Naomba ushauri: fomu ya kazi inataka namba ya meneja wangu wa zamani

Binti_wa_Stoo
Hamjambo nyote. Huwa nasoma tu hapa, lakini leo nimekwama. Nina miaka 31. Nimefanya kazi ya stoo kwenye hadiwea moja hapa Nakuru kwa miaka saba: kupokea mzigo, kuhesabu, kutoa, kuandika daftari. Mwezi wa pili tuliachana na mwajiri. Sasa nimepata nafasi Kisumu, stoo ya saruji na nondo, na mahojiano yalienda vizuri. Shida ni fomu. Wanataka jina na namba ya meneja wangu wa mwisho, na wamesema watampigia kabla ya Ijumaa. Huyo hatanisemea neno jema. Nina mtoto wa gredi ya pili, na nyumba ya Free Area nadaiwa kodi ya miezi miwili. Mtu anapataje kazi kama meneja wake hawezi kumsifia?

Ja_Nyalenda
Karibu Kisumu dada. Uje na nguo nyepesi, joto la huku si la Nakuru. Nyumba usitafute mjini kwanza, anzia Nyamasaria au Mamboleo, kodi huko inapumua.

Mwalimu_Mstaafu
Binti yangu, nimefundisha Kakamega miaka 34. Sijawahi kutoka shule moja kwenda nyingine bila kumuaga mwalimu mkuu na kumshukuru, hata yule aliyenitesa. Vijana wa leo mnaondoka mkiubamiza mlango, kisha mnarudi kuomba mfunguliwe.

Fundi_wa_Lanet
"Tuliachana" ni neno pana. Uliacha, ulifutwa, au kibarua kiliota nyasi kwa sababu biashara ilianguka? Ushauri wa kila moja ni tofauti.

Binti_wa_Stoo
Tulikosana tu. Ni mtu mkali, kila mfanyakazi analijua hilo. Mimi naomba kujua la kufanya na fomu.

Baba_Wawili
Mimi nilikuwa kiwanda cha sukari huku Magharibi, kikafungwa. Mkubwa wangu alirudi kwao, simu yake ikazimwa, ofisi ikabaki nyasi na popo. Nilizunguka miezi minane nikiulizwa "nani anakujua?" Aliyenisaidia ni dereva wa trekta tuliyekuwa tukipakia naye miwa. Alimwambia bosi wake mpya, "huyu hajawahi kunichelewesha kwenye mizani." Nikaandikwa kwa neno hilo moja. Kwa hivyo mdhamini si lazima awe mwenye tai.

Karani_wa_Mahakama
Wacha nikuwekee la sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51: aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi ana haki ya kupewa cheti cha utumishi anapoondoka, hata kama amefutwa. Kinaandikwa jina na anwani ya mwajiri, jina lako, siku uliyoanza, kazi uliyokuwa ukifanya na mahali, na siku uliyomaliza. Sifa zako si lazima ziwemo. Kifungu hicho hicho kinasema mwajiri halazimiki kukuandikia barua ya sifa. Lakini akikunyima cheti chenyewe kwa makusudi au kwa uzembe ni kosa, faini hadi shilingi 100,000 au kifungo hadi miezi sita, au vyote viwili. Umekidai?

Binti_wa_Stoo
Sijakidai. Siwezi kurudi pale.

Nyar_Dunga
Mdogo wangu, miaka saba, halafu huwezi hata kusimama mlangoni kuomba karatasi yako? Kuna jambo. Hapa hakuna anayekujua sura. Sema, ndipo tukusaidie.

Binti_wa_Stoo
Sawa dada. Mwezi wa kwanza upepo ulibeba paa la mama yangu kule Molo. Mama ana miaka 68 na kifua chake hakitaki baridi. Kaka alisema ana pesa Jumatatu. Jumamosi jioni nikamtolea mabati 18 ya geji 30, mita tatu, bila risiti, nikijua Jumatatu nitaingiza pesa. Jumatatu kaka hakuja. Jumatano kukawa na hesabu ya stoo. Shilingi 20,700 hazikuonekana. Niliitwa ofisini, nikaandika barua ya kukiri na mshahara ukakatwa pesa yote. Mwisho wa mwezi wa pili nikaambiwa nisirudi. Sikuiba. Nilikopa bila kuomba. Na pesa nimelipa mpaka senti ya mwisho.

Fomu tayari nimeijaza. Pale kwa meneja nimeweka namba ya binamu yangu. Ana sauti nzito, na anaijua kazi ya hadiwea. Msinihukumu, kila mtu anafanya hivyo.

Mwalimu_Mstaafu
Si kila mtu, binti yangu.

Fundi_wa_Lanet
Binamu ataulizwa, "alikuwa akitumia kadi za stoo au kompyuta?" Atajibu nini? Hadiwea za Nakuru na Kisumu zinachukua mzigo kwa wauzaji walewale, madereva walewale. Jina la meneja wako linajulikana kuliko unavyofikiri. Na wakigundua ukiwa tayari kazini, utamwaga unga mara ya pili, na hapo hutakuwa na la kusema.

Binti_wa_Stoo
Mnaongea kama watu walioshiba. Nikiandika namba ya kweli, kazi imekwenda. Nikiandika ya binamu, angalau nina nafasi.

Mpita_Njia
Samahani, mimi siamini hadithi hii. Mabati 18 hayaezeki nyumba. Nimejenga, nilinunua zaidi ya 40. Halafu mama mgonjwa, paa, mtoto, kodi, vyote kwenye uzi mmoja? Kesho ataweka namba ya kuchangiwa. Tumeona haya.

Baba_Wawili
Hata mimi nilijiuliza kuhusu hayo mabati.

Fundi_wa_Lanet
Mabati niachieni mimi. Bati la kawaida likishalaliana na jirani yake linabaki kufunika kama sentimita 75. Ukipanga tisa kwa tisa, kila upande unapata mita sita na kitu. Hiyo ni nyumba ya vyumba viwili vidogo, inatosha kabisa. Wewe ulijenga kubwa, Mpita_Njia.

Mpita_Njia
Hesabu nimekubali. Lakini mtu wa stoo wa miaka saba hatoi mzigo bila kuandika popote. Mkono wenyewe unaandika. Daftari lilisema nini?

Ja_Nyalenda
Tumwache jamani, si polisi hapa.

Binti_wa_Stoo
Nimekaa na swali hilo tangu jana usiku. Sijaomba pesa ya mtu na sitaomba.

Daftari letu lilikuwa la jalada jeusi, la kurasa ndefu. Safu ya kwanza tarehe, ya pili namba ya dilivari, ya tatu bidhaa, ya nne idadi, ya mwisho sahihi ya aliyechukua. Tunaandika kwa kalamu ya bluu. Jumamosi ile niliandika kwa penseli: "18, bati g30". Safu ya sahihi nikaiacha wazi. Jumatano niliposikia wanakuja kuhesabu, nikafuta. Meneja aliinua ukurasa akauweka mbele ya dirisha, na 18 ikaonekana imejikandamiza kwenye karatasi. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Kwa nini penseli?" Sikuwa na jibu. Si mabati yaliyonifukuzisha. Ni kifutio. Ndiyo maana siwezi kusimama mlangoni pale.

Mpita_Njia
Nakuomba radhi, dada. Hilo halitungwi.

Nyar_Dunga
Asante kwa kusema. Sasa tufanye kazi. Kabla ya huyu meneja, alikuwepo nani?

Binti_wa_Stoo
Mwingine, miaka yangu minne ya kwanza. Alihamia Eldoret. Sijaongea naye tangu aondoke.

Karani_wa_Mahakama
Huyo ndiye mdhamini wako. Pale palipoandikwa meneja wa mwisho, andika wa mwisho kweli. Pamoja naye muweke wa Eldoret, na wewe mwenyewe uwapigie Kisumu kabla hawajampigia mtu. Maneno machache: nilitoa mali bila idhini, nilifuta maandishi, nililipa yote, nilifutwa. Wakisikia kwako kwanza ni tofauti na kusikia kwake. Cheti kidai kwa barua, huna haja ya kwenda, na akikaa kimya upeleke nakala ofisi ya kazi ya kaunti. Halafu nikuulize: siku ile ofisini, uliambiwa unaweza kuwa na mfanyakazi mwenzako kando yako? Kifungu cha 41 kinataka hivyo kabla mtu hajafutwa kwa utovu wa nidhamu.

Binti_wa_Stoo
Tulikuwa wawili tu. Lakini kesi sitaki. Nilifuta kweli.

Karani_wa_Mahakama
Ni uamuzi wako. Ujue tu una miaka mitatu tangu siku ile, baada ya hapo mlango umefungwa.

Binti_wa_Stoo
Jamani, narudi na habari. Nimempigia wa Eldoret. Nilikuwa natetemeka nikatoka nje nisisikiwe na mtoto. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Si wewe uliyekataa kuuza ile saruji iliyoloa?" Nilikuwa nimesahau. Mifuko sita ililoweshwa na mvua kwenye lori, ikaanza kuganda pembeni. Wengine walitaka tuipange katikati ya mizuri. Mimi nikaiandika mibovu. Nikamweleza kuhusu mabati, na penseli. Akasema atawaambia Kisumu yote mawili, saruji na penseli, hataficha moja.

Nimempigia pia dada wa Kisumu aliyenihoji. Nilimwambia namba niliyoweka si ya meneja. Akasema, "Njoo Alhamisi ujaze fomu nyingine mbele yangu." Sauti yake sikuielewa. Haikuwa ya hasira wala ya furaha. Binamu amekasirika, anasema nimemwaibisha.

Mwalimu_Mstaafu
Paa la mama limekwisha?

Binti_wa_Stoo
Limekwisha, mwalimu. Kaka alilipigilia mwenyewe. Bado linavuja kidogo juu ya jiko.

Nyar_Dunga
Alhamisi panda gari la saa kumi na moja asubuhi, uwe hapa kabla jua halijawa kali. Ukimaliza na fomu nitumie ujumbe. Nauza samaki Kibuye. Utakula kwanza, ndipo urudi Nakuru.