Tupeane uzoefu: sandwichi ya moto uliyoipunguzia mafuta nyumbani, ilikutendaje?

Kijiko Kimoja: Wadau, nimeambiwa nipunguze mafuta, na tosti ya jibini ndiyo roho yangu. Kupiga hesabu nakuta mkate wenyewe hauna neno. Kijiko cha mezani cha mayonezi ni kalori kama 90 hadi 100, siagi nayo hapohapo, na mimi huwa napaka vyote viwili. Waliopita njia hii watoe ushuhuda.

Mama Kikaango: Mayonezi toa, weka mtindi mzito na haradali kidogo. Tuna ya kopo, yule samaki, chukua ya maji, siyo ya mafuta, uikamue mpaka mkono uchoke. Imeisha hiyo.

Mla Ukoko: Mtindi kwenye sandwichi ya moto? Dada, hicho ni chakula cha wodini. Nilishapewa na shemeji, mkate ukanikatikia mkononi.

Mama Kikaango: Shemeji yako hakuuchuja. Usinitukanie mtindi.

Bwana Tosti: Mmenikumbusha balaa. Mke wangu aliamua nyumba nzima tule vyepesi, bila tangazo. Jioni hiyo tuna wageni, bosi wangu akiwemo, na kazini nilishajitapa kuhusu sandwichi ya nyama na jibini ya mama watoto mpaka wenzangu wamenichoka. Kumbe nyama ni nusu, nusu nyingine uyoga mbichi, na jibini ni ile isiyo na mafuta kabisa! Jibini ikagoma kuyeyuka. Mke anaongeza moto, jibini inatoka jasho, inajikunja. Uyoga nao unamwaga maji, mkate ndani chapachapa, nje mkaa. Kengele ya moshi ikaanza kulia. Bosi kwa adabu akauma, akavuta, jibini ikatoka nzima nzima ikamng'ang'ania kidevuni, ya moto! Mtu mzima alipiga ukelele mpaka mwanangu akaangua kicheko. Na mke ananikazia macho mimi, utadhani mafuta niliyatoa mimi.

Kijiko Kimoja: Uwiii. Kazi ipo?

Bwana Tosti: Ipo. Kidevu tulikimwagia maji ya bomba muda mrefu, kikapona. Hajawahi kulizungumzia tena, na mimi siulizi.

Mzee wa Jibini: Mkuu, jibini ile haikuwa na namna. Mafuta ndiyo yanayolegeza protini; ukiyaondoa yote zinashikana, unapata mpira. Usitafute isiyo na mafuta. Chukua cheddar kali, iliyokomaa, uikune kwenye matundu madogo. Gramu 20 zinafunika mkate wote, na ukali wake unafanya usihitaji nyingi. Moto uwe mdogo, funika kikaango. Uyoga ukaange kwanza peke yake, mkavu, maji yaishe.

Mla Ukoko: Ukifunika mkate unalowa, mzee.

Mzee wa Jibini: Funika jibini ilainike, kisha funua ukauke. Kwani mfuniko umegongomelewa?

Mama Kikaango: Ya kwangu nafunika mpaka mwisho na haijawahi kulowa.

Mla Ukoko: Na mtindi wako humo ndani? Haya.

Pilipili Manga: Mnahangaika na mafuta, chumvi je? Sandwichi ya Reuben ina nyama ya chumvi, kabichi ya kuchachusha na jibini, vyote vina chumvi. Kabichi nasuuza na kukamua, nyama nabadilisha na kuku wa kuchemsha. Ladha inabaki.

Bwana Tosti: Reuben ya kuku? Hiyo mtafutie jina lake.

Kijiko Kimoja: Sasa siagi ya nje naacha kabisa?

Pilipili Manga: Acha kabisa, kikaango kisichogandisha kinatosha.

Mzee wa Jibini: Usiache, utakula mbao. Paka mafuta kwenye mkate kwa brashi, siyo kumimina kikaangoni. Kijiko cha chai kimoja, kalori kama 40, kinaenea pande zote mbili.

Mla Ukoko: Mimi nakula ileile ya zamani, siagi na kila kitu, ila nusu. Nusu nyingine nampa shemeji.