Mvua inanyesha, hakuna anayelowa: toleo la konsoli ya mkononi limenivunja moyo

Mvukaji wa Likoni

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni mpenzi wa michezo ya video ya mapigano tangu nikiwa darasa la tano, na mchezo ninaoulalamikia hapa nimeufuata toleo baada ya toleo kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo naomba msinione kama mgeni aliyeingia jikoni akaanza kuukosoa mchuzi. Jina lake silitaji, anayeucheza atautambua.

Nyumbani kwangu ni Likoni na kazi yangu iko kisiwani Mombasa. Asubuhi na jioni nangoja feri, na kungoja huko ndiko kulikonifanya ninunue konsoli ya kubeba mkononi, pamoja na kwamba umeme ukikatika mtaani kwetu runinga kubwa inabaki kuwa pambo. Ilipotangazwa kwamba toleo jipya litafika kwenye mashine yangu pia, niliweka pesa kidogo kidogo kwa miezi mitatu, kisha nikalipa shilingi 8,500 katika duka moja mjini. Mwenye konsoli kubwa analipa hizo hizo.

Nililifungua jioni ile ile nikiwa kwenye foleni. Baada ya kuchagua mpiganaji wangu, skrini ilibaki nyeusi muda wa kutosha kununua kikombe cha kahawa chungu, kukinywa na kukirudisha kwa muuzaji. Pambano lilipoanza nikamwona mtu ninayemjua tangu utotoni akiwa na ndevu kama masizi yaliyopakwa kwa kidole, na macho ambayo hayamtazami adui wala mtu mwingine yeyote.

Jumapili nikaichukua mashine hadi kwa binamu yangu Nyali, ambaye ana konsoli kubwa, tukaziweka zote mbili juu ya meza moja na kuchagua uwanja mmoja, ule wa ua wa hekalu usiku wa mvua. Kwake, matone yanampiga mpiganaji begani, nguo inashikamana na mwili, taa za karatasi zinayumba na watazamaji waliojikunyata chini ya paa wanashangilia. Kwangu, mvua inanyesha lakini hakuna anayelowa. Mabega ni makavu, taa zimesimama kama zimepigiliwa misumari, na watazamaji hawapo kabisa. Limebaki paa lao tu. Binamu yangu hakucheka, jambo ambalo liliniuma zaidi kuliko kama angecheka.

Basi nauliza kwa dhati: je, haya ni mapungufu ya mashine yangu, ambayo niliinunua nikijua kwamba ni ndogo, au ni uzembe wa waliounda toleo hili? Na je, nisubiri masasisho au niiuze kadi ya mchezo mapema?

---

Fundi wa Mwembe Tayari

Waaleikum salaam, kaka. Mimi hutengeneza mashine hizi, nazifungua kila siku, kwa hiyo nitaanza na kilicho ndani. Hukutaja konsoli yako, lakini tuchukue mfano unaojulikana. Nintendo Switch, konsoli ya mkononi iliyotoka mwaka 2017, ina memori ya GB 4, ilhali PlayStation 5, konsoli kubwa ya mwaka 2020, ina GB 16. Ya kwanza hutumia umeme usiofika wati 20 hata ikiwa imeunganishwa kwenye runinga. Ya pili, mchezo ukiwa mzito, hukaribia wati 200. Tofauti hiyo haifichiki. Mashine inayotegemea betri na feni ndogo haiwezi kuchora kila tone la mvua begani, kwa sababu kila tone ni hesabu, na kila hesabu ni joto.

Sasa kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii, nalo linahusu hasa michezo ya mapigano. Mchezo wa hadithi au wa kupiga risasi unaweza kupunguziwa kasi kutoka fremu 60, yaani picha 60 zinazochorwa, kwa sekunde hadi 30 na bado ukachezeka. Ndivyo ilivyofanywa Doom, mchezo wa kupiga risasi, ilipoletwa kwenye Switch mwaka 2017. Mchezo wa mapigano hauwezi kukatwa hapo. Kila pigo limepimwa kwa fremu: katika mchezo wa mapigano wa Tekken, kwa wapiganaji wengi, ngumi nyepesi kabisa hufika baada ya fremu 10, na fremu moja ni kama milisekunde 16.7. Ukiipunguza kasi kwa nusu umeharibu mizani ya mchezo wote, kila kinga na kila kisasi. Kwa hiyo waundaji hulazimika kuishika 60 kwa meno, na gharama yake huchukuliwa kwingineko: idadi ya pikseli, nguo, vivuli, taa, watazamaji. Watazamaji wako, kaka, wametolewa kafara ili ngumi yako ifike kwa wakati.

Hata hivyo siwatetei moja kwa moja. Mwaka 2019 The Witcher 3, mchezo mkubwa mno, uliletwa kwenye Switch pamoja na nyongeza zake zote katika kadi ya GB 32. Picha zilififia, naam, lakini mtu akiutazama anaona kwamba kuna aliyekaa na kila kijiti na kila jani akajiuliza lipi litolewe na lipi libaki. Ukungu wa picha nausamehe, kwani huo ni wa mashine. Macho yasiyomtazama adui siyasamehi, kwa maana kuyageuza macho hakuhitaji memori ya ziada; kunahitaji mtu wa kukagua kazi kabla haijatoka.

Kuhusu skrini nyeusi, angalia umeuweka mchezo wapi. Kama data nyingi umeipakua ikakaa kwenye kadi ya memori ya bei rahisi, sehemu ya kungoja huko inatokana na kadi hiyo. Ihamishie kwenye memori ya ndani ya mashine kisha upime kwa saa.

---

Mkaazi wa Tudor

Iuze kadi mwezi huu. Kadi ya mkononi ina mnunuzi. Mchezo wa kupakua ungekuganda milele. Masasisho yatakuja, lakini yatarekebisha hitilafu, hayatawarudisha watazamaji.

---

Mzee wa Pedi, Bondeni

Wanangu, nimewasoma kwa makini, na ninataka kuongeza kitu kimoja kabla ya kadi hiyo kuuzwa.

Kati ya mwaka 1999 na 2004 nilikuwa na chumba cha michezo Bondeni: runinga nne, PlayStation nne za kwanza, feni moja ya dari. Pambano lilikuwa shilingi tano, aliyeshindwa akainuka, mshindi akabaki amekaa. Asilimia kubwa ya mapato yangu ilitoka kwa Tekken 3. Vijana waliingia baada ya madrasa wakatoka adhana ya magharibi ikilia, na nililazimika kubandika karatasi ukutani kwamba anayemchukua mpiganaji Eddy Gordo akabonyeza vitufe vya mateke ovyo ovyo bila kutazama skrini atalipa mara mbili. Hakuna aliyelipa, lakini karatasi ilikaa.

Mwaka 2003 nilikwenda Dubai kununua vipuri, na katika jumba moja la biashara nikaikuta Tekken 3 ndani ya kabati kubwa la kutumbukiza sarafu, yaani ile ya asili iliyotoka mwaka 1997, mwaka mmoja kabla ya yetu. Nilisimama pale nikiwa na mifuko mkononi. Mandhari ya nyuma, ambayo kule kwangu yalikuwa picha bapa iliyozungushwa kama pazia, huku yalikuwa na kina. Wapiganaji walikuwa na miili laini zaidi. Ndipo nikafahamu kwamba kwa miaka minne nilikuwa ninawauzia watoto wa Bondeni toleo lililopunguzwa, na kwamba wao na mimi tulikuwa tumeliita bora duniani.

Ubao wa elektroniki wa kabati lile ulikuwa wa ukoo mmoja na PlayStation, ila wenye nguvu zaidi, na konsoli ya nyumbani ilikuwa na memori kuu ya MB 2 tu. Kupunguza hakukuepukika. Lakini tazameni walichofanya: walipoondoa kina cha mandhari, waliongeza mambo ambayo kabati halikuwa nayo. Walimleta Gon, yule dinosaria mdogo, wakamleta na Daktari Bosconovitch, wakaweka mchezo wa mpira na ule wa kupigana na makundi ya maadui njiani. Mteja alinyang'anywa kwa mkono mmoja akapewa kwa mwingine. Kwa hiyo swali langu kwako, Mvukaji, ni hili: huko kwenye toleo lako, wamekupa nini badala ya watazamaji?

---

Binti Kuze

Mzee wangu, shikamoo. Simulizi lako limenikumbusha kaka zangu, ambao walikuwa wakitoka hapo kwako bila nauli ya kurudi. Lakini kwa heshima zote, halimjibu ndugu yetu. Vijana wa Bondeni hawakuonyeshwa picha za kabati la Dubai kisha wakauziwa PlayStation. Waliona runinga yako, wakatoa shilingi tano, wakapata walichokiona. Mvukaji alionyeshwa vionjo vilivyorekodiwa kwenye mashine kubwa, akalipa bei ya mashine kubwa, akapewa mabega makavu.

Mimi siulizi prosesa ina nguvu kiasi gani. Naulizia jalada. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na pia haki ya taarifa anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Ipo pia sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012. Sisemi kwamba mtu aende mahakamani kwa ajili ya taa za karatasi, gharama ya wakili ingenunua konsoli kubwa mbili. Nasema tu kwamba mnunuzi kuambiwa ukweli kabla ya kulipa si hisani anayofanyiwa.

Na wenye maduka ya mtandaoni wanaweza kuchukua hatua wakibanwa. Cyberpunk 2077 ilipotoka tarehe 10 Desemba 2020, matoleo ya PlayStation 4 na Xbox One yalikuwa na hitilafu nyingi kiasi kwamba, kabla ya wiki mbili kwisha, Sony iliuondoa mchezo huo katika duka lake la mtandaoni na kukubali kuwarudishia wanunuzi pesa. Haukurudi hadi Juni 2021. Nyongeza yake kubwa ilipotoka mwaka 2023, waundaji hawakuileta kabisa kwenye konsoli hizo za zamani. Wapo waliokasirika, mimi niliona hiyo ndiyo adabu. Afadhali mtu akwambie kwamba nguo hii haikutoshi kuliko akuuzie kisha akuache uendelee kuivuta mabegani.

Mvukaji, nyuma ya jalada kuna picha. Chukua mwanga mzuri, usome maandishi yaliyo chini yake, utuambie yanasema nini.

---

Mvukaji wa Likoni

Nawashukuru nyote, na shikamoo, Mzee.

Fundi, niliuhamishia mchezo kwenye memori ya ndani kama ulivyoshauri, nikapima kwa saa ya simu. Awali ilikuwa sekunde 41, sasa ni 27. Kahawa siwezi tena kuimaliza, lakini bado naweza kuinunua. Na maelezo yako kuhusu fremu yamenituliza kuliko nilivyotarajia, kwa sababu nilirudi nikacheza nikiwa nimeacha kutazama nyuso na kuanza kutazama mikono na miguu tu, na kwa kweli mapigo yanafika kwa wakati wake. Kinga inashika. Ningekuwa nimefumba macho nusu, ningesema ni mchezo ule ule.

Binti Kuze, nimesoma jalada chini ya taa ya dirishani. Zipo picha tano nyuma, zote za ile mvua inayolowesha, na chini kabisa, kwa herufi ambazo kijana wangu wa miaka tisa ndiye aliyezisoma, imeandikwa kwamba picha zimetoka kwenye mashine nyingine na kwamba mwonekano unaweza kutofautiana. Kwa hiyo waliniambia. Waliniambia kwa sauti ya mtu anayenong'ona huku akihesabu pesa zako. Nilirudi dukani na jalada hilo. Muuzaji alikuwa mpole, akasema kadi iliyofunguliwa hairudishwi, na akaongeza kwamba mimi ni wa tatu wiki hiyo.

Mzee, swali lako nimekaa nalo siku mbili. Nimepekua kila sehemu ya mchezo, na hakuna walichonipa badala ya watazamaji. Hakuna mpiganaji wa ziada, hakuna mchezo wa pembeni, hata rangi ya nguo. Hilo ndilo lililoniamulia: ningekuta kitu kimoja tu kilichofikiriwa kwa ajili yetu wenye mashine ndogo, ningebaki nayo.

Kijana mmoja wa Mtongwe ameniahidi shilingi 5,000. Nimemwonyesha mvua kwanza, nikamwambia aitazame vizuri begani, naye amesema haimsumbui kwa kuwa hajawahi kuona nyingine. Tunakutana kesho kwenye feri ya saa kumi na mbili.

Na Mzee, kama moja kati ya zile PlayStation nne bado inawaka, nijulishe. Nitavuka Jumamosi baada ya alasiri na shilingi tano zangu. Eddy simchukui.