Ulikwenda kumsikiliza nani, ukarudi na nani? Wana-Kusini tupeane uzoefu wa matamasha

mwana_chikongola
Wakuu, jana nilikuwa natafuta koti bovu la kuvaa nikipuliza salfa kwenye mikorosho. Mfukoni nikakuta kikaratasi kimejikunja mara nne: ratiba ya Sauti za Busara. Nimekaa nayo chini ya mkorosho nusu saa nzima, pampu iko pembeni.

Kwa asiyewahi kufika, lile tamasha lipo Unguja tangu 2004, kila Februari, na muziki hauko pahali pamoja. Jukwaa kubwa liko ndani ya Ngome Kongwe, jingine liko humohumo kwenye ngazi za duara, Forodhani nje pana watu wake, na ukikata vichochoro vya Mji Mkongwe usiku unasikia wengine ambao hata kwenye ratiba hawamo. Huwezi kuwaona wote. Ukichagua huyu, yule umemkosa.

Mimi nilimfuata msanii mmoja mkubwa, simtaji. Basi la alfajiri Mtwara, kilomita zaidi ya 550 hadi Dar, nikalala kwa shemeji Mbagala, asubuhi boti. Zamu yake saa nne usiku. Saa moja sina la kufanya, nikakaa kwenye zile ngazi na muhogo wangu wa kuchoma. Wakapanda vijana, kinanda kidogo cha Casio, ngoma, na spika inayokwaruza kama ina mafua. Mchiriku! Mimi ambaye usiku uliopita nimeziba masikio kwa mto pale Mbagala kwa sababu ya kigodoro cha jirani, ngoma ya mtaani inayokesha na mchiriku huohuo, nimelipa nauli ya boti kuufuata mchiriku. Nikataka kuondoka, ila mguu ukagoma. Dakika kumi nikawa nimesimama, ishirini muhogo umeanguka. Mkubwa wangu alipopanda mimi niko nje ya ukuta natafuta lile kundi.

Jina lao sikulishika mpaka leo. Haya, na nyie leteni yenu.

binti_shangani
Muhogo wa Forodhani na ratiba mfukoni. Umenikumbusha mbali, kaka.

mtu_wa_spika
Hao si Jagwa Music kweli? Wale wamefika mpaka Ulaya na kinanda chao hichohicho.

mwana_chikongola
Hapana mkuu, Jagwa ningewajua. Hawa walikuwa wadogo, mmoja amevaa viatu vya shule.

mjukuu_wa_newala
Yangu ni ya zamani, Bi Kidude bado hai (alifariki Aprili 2013). Nilikwenda na rafiki zangu wa chuo, wote tunajifanya wajuaji wa jazi. Tukajipanga mbele kusubiri bendi moja kutoka Afrika Magharibi. Kabla yao akapandishwa yule bibi. Tulidhani ataimba taarabu kidogo, tumpigie makofi ya heshima, ashuke. Bibi akafungwa ngoma kiunoni, ile ndefu, msondo, akaibana mapajani akiwa amesimama.

Wenzangu walikuwa wanashangilia. Mimi nilinyamaza. Hiyo ngoma ilikuwa nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama, Newala, imelazwa nyuma ya mlango, na sisi watoto wa kiume tulikatazwa hata kuigusa. Miaka yote nilidhani ni gogo la kukalia kungwi, yule anayewafunda wasichana unyagoni. Nimevuka bahari, nimelipa kiingilio, nimesimama kati ya Wazungu wenye kamera, ndipo nikaisikia inavyolia.

Hiyo bendi ya Afrika Magharibi ikaja ikapiga. Siikumbuki hata wimbo mmoja.

darajani_boy
Msondo ni ngoma ya Unguja, tusianze kugawana. Bi Kidude ni wa kwetu, alikuwa kungwi wa huku.

mjukuu_wa_newala
Nani kakunyang'anya Bi Kidude? Nimesema ngoma. Babu zetu mliowanunua utumwani walitokea wapi, na hiyo ngoma walikuja nayo nani?

darajani_boy
Sasa umefika kwenye babu. Mimi natoka.

binti_shangani
Usitoke shemeji, tueleze kwanza pweza wa Forodhani siku hizi anauzwaje.

mtu_wa_spika
Wakati wanagombana, niseme la maana. Nimefunga mitambo kwenye matamasha kadhaa. Ukitaka kugundua bendi mpya fika jua linapozama. Wa kwanza kupanda ndio wanaopiga kwa njaa, na kundi likipewa dakika arobaini halina muda wa porojo. Simama karibu na meza ya mitambo, hapo ndipo sauti imepimwa. Mbele kabisa unapata besi tupu na jasho la mtu. Kingine, ukichoka kwenye jukwaa moja nyimbo mbili, hama.

mama_korosho
Mie nasema usihame. Nilihamahama usiku kucha, kila nikifika nakuta wanashusha vyombo. Nilichogundua mimi ni malengelenge.

kibiti_nangurukuru
Na muulize kwanza. Mimi nilijipanga kwa 2016, ruhusa kazini nimepewa, nauli nimetenga. Kumbe mwaka huo tamasha halikuwepo, walikosa fedha. Nilikwenda hivyohivyo, nikakaa Forodhani peke yangu.

Halafu tamasha langu bora lilikuwa Somanga, Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar. Mabasi yamejipanga pande zote mbili, watu na magodoro yao chini. Basi la nyuma yetu lilikuwa na kwaya, la mbele vijana wa singeli na spika ya kuchaji. Usiku wa kwanza walitukanana. Usiku wa pili wakapiga pamoja.

mwana_chikongola
Mkuu nimecheka, lakini uzi unahusu majukwaa.

kibiti_nangurukuru
Mabasi arobaini si majukwaa?

nipa_ya_mabibo
Mimi Unguja sijafika. Yangu ilinikuta hapahapa Mtwara, na sijawahi kuieleza popote maana inahusu ndugu.

Kulikuwa na tamasha mjini, jina naliacha. Majukwaa matatu: uwanjani, ufukweni Shangani, na la tatu Mikindani. Nikasikia kuna kundi limevuka Ruvuma kutoka Msumbiji, lingepiga Mikindani usiku. Uwanjani mitambo imekatika mara tatu, nikasema liwalo na liwe, nikadandia bajaji.

Nimeshuka, giza, umeme hakuna. Nikauliza jukwaa liko wapi, kijana ananyoosha mkono gizani tu. Nikasimama nikasikiliza. Ngoma inalia upande wa minazi. Wakuu, ile ngoma! Nimeshasikia bendi nyingi, sijasikia kitu kama kile. Inaongea, inakaa kimya, inarudi nyuma yako. Nikaifuata kwa tochi ya simu, na kwa kuwa ni mtu wa kurekodi nikawasha na video. Nikafika kwenye ua wa makuti. Nikasema hawa jamaa wamepamba jukwaa vizuri, wamelipa sura ya kijijini. Nikainua ukuti nikaingia.

Ngoma ikakatika. Wanawake kama arobaini wananitazama. Mwanamume ni mimi peke yangu, na tochi mkononi.

Unyago.

Sikukimbia, miguu ilikufa. Bibi mmoja akauliza, "Huyu kaitwa na nani?" Nikajibu, Mungu ndiye shahidi, "Tiketi ninayo." Nikaionyesha! Nikasukumwa chini, khanga ikafungwa usoni, wengine wanasema apelekwe kwa mwenyekiti, wengine wanataja adhabu ambazo humu siandiki. Ndipo nikasikia sauti: "Nnwacheni kwanza, huyu ntoto wa kaka yangu." Shangazi! Mpiga ngoma ndiye yeye. Shangazi yangu huyu wa vitumbua, ambaye nilidhani kitu pekee anachojua kupiga ni simu.

Faini: jogoo mweupe na elfu hamsini. Video ikafutwa amesimama juu yangu. Kundi la Msumbiji sikuliona.

binti_shangani
"Tiketi ninayo" 😂😂😂 nimemwaga chai kitandani

mama_korosho
Chai amemwaga yeye huyu. Unyago ni shule zikifungwa, Juni au Desemba. Tamasha lilikuwa mwezi gani?

nipa_ya_mabibo
Desemba, mama.

mama_korosho
Haya. Ila adhabu ni ndogo. Enzi zetu usingekuwa na vidole vya kuandikia.

mtu_wa_spika
Mkuu, video imefutwa kabisa? Sauti tu haikubaki? Kuna namna ya kurudisha vilivyofutwa.

mjukuu_wa_newala
Usithubutu. Shangazi akisoma humu?

mwana_chikongola
Wakuu turudi kwenye mada. Hakuna mwingine aliyegundua bendi akiwa na nguo zake zote?

lipiko_halisi
Mimi yangu ni tamasha la MaKuya, hapa Mtwara. Jina lenyewe Makonde, Makua, Yao. Nilipeleka watoto wakaone sindimba warudi kulala. Likatoka lipiko moja, jamaa kavaa kinyago kina masharubu ya nywele za kweli, mwili wote umefungwa kitambaa. Ukitazama vizuri, si yeye anayefuata ngoma. Wapigaji ndio wanaofuata mabega yake. Mwanangu wa miaka sita kalia mpaka nyumbani, kesho yake kachora kinyago kwenye daftari la hesabu. Kundi la kutoka vijijini, hakuna aliyetangaza jina lao vizuri, spika zilikuwa zinapiga mluzi.

mtu_wa_spika
Ndiyo maana nasema, andika jina kwenye kiganja palepale. Ukisubiri kesho limeshapotea.

mama_korosho
Kiganja kina jasho. Muulize mpiga ngoma akishuka, umpe na maji.

nipa_ya_mabibo
Mpiga ngoma nimemuuliza. Kaniambia nikitaka kumsikia tena nizaliwe upya mwanamke.

mikindani_wetu
Nimesoma kimyakimya. Mimi ndiye yule kijana niliyenyoosha mkono gizani. Nilikuonyesha kushoto, wewe ukaenda kulia. Na jogoo alikuwa mwekundu, mweupe ulikosa, nilikusindikiza mimi kumtafuta saa saba usiku.

nipa_ya_mabibo
Basi wewe ndiye unanidai buku mbili ya bajaji. Lete namba inboksi.