Nimeambiwa nimuingize mwanangu kwenye utafiti hospitali, nikubali au nikatae?

mama_wawili:
Habari za jioni wapendwa, naomba ushauri ila tusitukanane maana leo kichwa changu hakijatulia. Mtoto wangu wa pili ana miaka 4, ana sikoseli, tuligundua ana miezi tisa vidole vya mikono vikamvimba kama soseji tukadhani kaumwa na mdudu. Kliniki tunahudhuria vizuri tu, foliki na penisilini hatujawahi kuruka. Sasa Alhamisi tumemaliza kwa daktari tukaitwa chumba cha pembeni, kuna dada mmoja mpole kweli akatuelezea wana utafiti wa dawa mbili za kuzuia malaria kwa watoto wa sikoseli, wanataka kujua ipi inakinga zaidi. Kumbe hata sio daktari anayechagua mtoto apewe ipi, inachagua kompyuta! Hapo ndio nikaishiwa nguvu. Na kila miezi mitatu watachukua damu. Nimepewa fomu kurasa sita nisome nyumbani nirudi Jumatatu. Baba yake kasema hapana na hataki mjadala, mama mkwe ndio kabisa, anasema damu ya mjukuu wake haiendi kuuzwa. Mimi mwenyewe sijui nisimame wapi. Kuna mwenye uzoefu?

Mzee_wa_Mbagala:
Kataa dada. Mtoto sio panya wa maabara. Hiyo dawa kama nzuri si wampe tu, kwa nini wabahatishe na kompyuta? Hawa wanakuja na magari meupe, miaka mitatu wamemaliza hata matokeo hamuambiwi, wao wanapata vyeo huko wewe unabaki na kanga na sabuni. Zamani wazee walisema mumiani tukawaona washamba.

sista_wodini:
Mzee wa Mbagala hilo la kutorudisha majibu upo sahihi na hata sisi wa ndani linatuudhi, wazazi wanaachwa hewani. Ila hilo la "kama nzuri si wampe tu" ngoja nikujibu kwa kirefu maana limenigusa.

Mimi ni nesi, nimeanza wodi ya watoto miaka ya 2000 mwanzoni. Enzi hizo mtoto akija na homa kali, mikono na miguu ya baridi, anahema juu juu, tulichofundishwa ni maji ya dripu haraka, unafungulia yote yaingie ndani ya saa moja, wakati mwingine huna hata stendi unaning'iniza chupa kwenye msumari wa dirisha na mama unamwambia ashike mkono wa mtoto usikunjike. Hakuna aliyekuwa na shaka. Ndio ilikuwa kwenye vitabu, ndio ilikuwa inafanyika Ulaya, na kwa macho mtoto alikuwa anaonekana kachangamka, mkono unapata joto, mama anatabasamu. Halafu saa nane usiku anaondoka na sisi tunasema malaria ilikuwa kali.

Wakaja watu wakauliza swali ambalo lilionekana la kipumbavu, hivi hayo maji ya haraka yanasaidia kweli? Utafiti uliitwa FEAST, ulifanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanga pale Teule Muheza, watoto 3,141. Wengine wakapigwa maji ya haraka, wengine wakapewa yale ya taratibu ya kawaida, na aliyepangwa wapi ni kura tu, sio daktari. Januari 2011 ukasimamishwa kabla ya muda, kwa sababu wale wa maji ya haraka ndio walikuwa wanakufa zaidi! Ndani ya saa 48 kwenye kila watoto mia waliopewa maji ya haraka walikuwa wanafariki kumi na kitu, wale wasiopewa saba. Nilivyosoma nilikaa kwenye benchi la nje. Nilianza kuwakumbuka mmoja mmoja.

(Na msije mkanielewa vibaya, mtoto wa kuharisha aliyekaukiwa anahitaji maji, hao hawakuwemo kwenye huo utafiti. Msikatae dripu kwa sababu yangu.)

Sasa ndio ujue kwa nini kompyuta inachagua. Daktari akiachiwa achague yeye, mtoto aliyezidiwa atampa ile anayoiamini, mwisho wa siku hujui dawa imesaidia au mtoto alikuwa na nafuu tangu mwanzo.

mama_wawili wewe kauliza haya: hizo dawa mbili zote zinatumika tayari au kuna mpya? Nikisema basi katikati, kliniki yake ya kawaida itabaki vile vile? Wakisita kujibu hilo la pili usisaini. Na kwenye fomu angalia mwisho lazima kuwe na simu ya kamati ya maadili, sio ya mtafiti mwenyewe. Piga hata kama huna shida, uone kama inapokelewa.

BabaK_Korogwe:
Mimi kijana wangu alikuwepo kwenye ile chanjo ya malaria, RTS,S, 2010 hapa Korogwe. Nchi 7 za Afrika, watoto zaidi ya elfu kumi na tano. Mama yake alikubali mimi nikiwa safarini, niliporudi tulikosana wiki nzima. Walikuwa wanakuja hadi nyumbani kumuangalia, akipata homa tu gari hilo hapo. Sasa siku ya kufunguliwa siri nani alipata nini tukaambiwa wetu hakupata ya malaria, yeye alichanjwa ya kichaa cha mbwa 😂 maana lile kundi la kulinganisha walipewa hiyo. Nilikasirika kidogo halafu nikawaza kwa mbwa wa mtaa wetu hasara iko wapi. Leo ana ndevu. Na chanjo yenyewe Shirika la Afya Duniani walikuja kuipitisha 2021, wenzetu Malawi, Ghana na Kenya walishaanza kuchanja kwa majaribio tangu 2019.

Dada, la damu usibishane na mama mkwe kwa maneno. Muulize huyo mpole ni mililita ngapi. Tano ni kijiko kimoja cha chai. Nenda na kijiko.

mama_wawili:
Asanteni jamani, sista umeniliza. Jumatatu naenda na bibi yake mwenyewe na kijiko kwenye pochi. Hivi nikiulizia nauli nitaonekana mroho? Tunatoka mbali, bodaboda halafu daladala mbili.

sista_wodini:
Uliza. Nauli ya siku za utafiti wanatakiwa warudishe, sio fadhila.

Mzee_wa_Mbagala:
Mimi bado nasema kataa, ila hiyo ya dripu sikuijua. Mwaka 98 tulimzika mtoto wa dada yangu, na alikuwa kwenye dripu. Sijui. Basi.

mama_wawili:
Mrejesho. Dawa zote mbili zinatumika tayari, na nikijitoa kliniki inabaki pale pale, wameandika na kugonga muhuri nilivyong'ang'ania. Namba ya kamati nilipiga mara ya tatu ndio ikapokelewa. Damu ni kijiko kimoja kasoro. Mama mkwe akamwambia yule dada ajaze maji kwenye kile kichupa cha damu amimine kwenye kijiko mbele yake, akaangalia, akasema "rudia". Ikarudiwa. Baba yake hajasaini bado ila jana usiku nimemkuta anaisoma ile fomu kwa tochi ya simu, yupo ukurasa wa nne.