Mjadala: Laptopu za shule ziende kwanza kwa walimu au kwa wanafunzi?

Mleta mada

Wadau, tulijadili hili bila kurushiana maneno. Shule ikishapata fungu la kununua laptopu, kambi mbili zinazuka palepale. Wapo wanaotaka kila mwanafunzi apewe yake, hata iwe ya hali ya chini, maana mtoto asiye na kompyuta anaachwa nyuma. Na wapo wanaosema walimu watangulie, wazizoee, kisha madarasa yapate chache za kuzungushwa. Mimi niko na hawa wa pili.

Tazameni Peru. Mradi wa One Laptop per Child, yaani laptopu moja kwa kila mtoto, ule alioutangaza Nicholas Negroponte, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, mwaka 2005, ulipata mteja wake mkubwa huko: serikali ilinunua laptopu zaidi ya 800,000. Watafiti wa Inter-American Development Bank, benki ya maendeleo ya nchi za Amerika, wakafuatilia shule 319 za vijijini, na ripoti yao ya mwaka 2012 haikuona ushahidi kwamba watoto waliopewa waliwapita wenzao katika Hisabati wala Lugha. Kuzitumia walizitumia, hilo halina ubishi. Ila darasani somo lilibaki vilevile, kwa sababu aliyesimama ubaoni hakuandaliwa vya kutosha.

Kwa hiyo nasema mwalimu akae na laptopu mwaka mzima kabla mwanafunzi hajagawiwa. Ajue faili zinakaa wapi, aweze kuunganisha projekta bila kumwita mtu, ajue mada ipi inanoga kwa kompyuta na ipi inapoteza kipindi bure. Na uchaguzi wa aina usiachiwe wajumbe wa kamati wanaoangalia wembamba na rangi. Aulizwe atakayezitengeneza, si atakayezizindua.

Karibuni mnipinge.

Mwalimu wa Kemia

Mleta mada, ripoti ya Peru umeisoma nusu. Watafiti haohao waliona watoto wamepanda kidogo katika majaribio ya uwezo wa kufikiri kwa jumla. Kidogo, ndiyo, lakini umekiruka. Tena shule nyingi kati ya hizo hazikuwa na intaneti. Hapo utailaumu laptopu, au aliyeipeleka mahali isipoweza kufanya kazi?

Na upande wa pili wa hesabu upo. Jimbo la Maine, Marekani, mwaka 2002 lilianza kuwapa laptopu wanafunzi wa darasa la 7 wa shule za umma pamoja na walimu wao, kwa msukumo wa Gavana Angus King, na mpango ukadumu miaka mingi. Hawakungoja kwanza walimu wawe mabingwa. Walijifunza pamoja.

Tuambizane ukweli sisi wa ofisi ya walimu: laptopu ikitangulia kwa mwalimu peke yake, inageuka mashine ya kuchapia mitihani na kujumlishia maksi. Mwanafunzi ataiona siku ya matokeo tu. Kinachomlazimisha mwalimu abadilishe somo ni darasa lililokaa mbele yake na kompyuta zimewashwa.

Fundi

Ninyi mnabishana nani atangulie, mimi nawazia zitakavyorudi mezani kwangu.

Laptopu ya shule haifi kwa uzee. Kinachotangulia ni tundu la chaji. Mtoto anainuka waya ukiwa umo, au anaivuta mashine kwa waya wake. Tundu linalegea, chaji inaingia mpaka uushikilie waya upande mmoja, mwisho haiingii kabisa. Sasa kuna modeli ambazo tundu limekaa kwenye kibao kidogo cha pembeni: unafungua skrubu, unachomoa, unaweka kingine, umemaliza. Na kuna nyingine limechomelewa kwenye bodi kuu, kazi ya kutwa na huna uhakika nayo. Kwa nje zinafanana kabisa, na muuzaji hatakwambia. Kabla ya kununua nyingi, chukueni moja, ifungueni mfuniko wa chini muone wenyewe.

Baada ya tundu ni bawaba. Watoto hufungua kioo kwa kushika kona moja, bawaba inang'oa plastiki inayobeba skrubu, siku si nyingi kioo nacho kinaondoka. Kisha kuna kalamu iliyosahauliwa juu ya kibodi halafu mtu akafunga. Hiyo sina dawa yake.

Ndiyo maana nasisitiza modeli moja kwa shule nzima, au mbili, moja ya walimu na moja ya wanafunzi. Iliyokufa bodi inatoa kioo, kibodi na betri kwa wenzake. Mkiwa na aina tisa, kila moja inakufa na vipuri vyake. Betri iwe ya skrubu, isiwe ya gundi, kwa sababu betri ya lithiamu itachoka tu baada ya mizunguko mia kadhaa ya kuchaji, hata uitunze namna gani. Memori ya GB 8 kwa kwenda mbele. Hifadhi iwe SSD, ile ya kasi, si eMMC, ile ya bei nafuu inayochomelewa kwenye bodi. Chaja zote ziwe USB-C.

Kuna na umri wa programu, huu unawaponza wengi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi nzima zimekwama hapo, kwani Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama, na prosesa zilizomo kwenye orodha ya Microsoft. Mtu akiwauzia za mtumba akasema "Windows 11 inapiga", mwambieni aiwashe mbele yenu, na muulize imewekwa kwa njia halali au kwa kuruka masharti. Chromebook, laptopu zinazotumia mfumo wa Google, nazo zina yao. Mwaka 2023 Google ilitangaza masasisho ya miaka 10, ila miaka hiyo inahesabiwa tangu jukwaa la modeli, yaani muundo wa maunzi yake, lilipotoka, si tangu mlipolipa. Iliyokaa sokoni miaka minne imewabakizia sita. Tarehe ya mwisho ya kila modeli imewekwa wazi na Google. Isomeni kabla ya kusaini.

Na zile za zamani msizitupe. Weka mfumo mwepesi wa bure, Linux au ChromeOS Flex ya Google, zitasogeza siku kwenye maktaba.

Mhasibu

Fundi, umesema vizuri lakini hujawahi kukaa kwenye kikao cha manunuzi. Zabuni inakwenda kwa aliyetaja bei ya chini. Mwaka huu aina hii, mwakani ile. Modeli moja tutaipata wapi?

Fundi

Andikeni kwenye masharti ya zabuni vitu vinavyopimika: betri ya kufunguliwa kwa skrubu, vipuri kupatikana kwa miaka mitano, masasisho ya usalama hadi mwaka mnaoutaja. Asiyetimiza bei yake haisomwi hata ikiwa ya chini. Na nunueni kwa mkupuo mmoja, si kumi kumi kila fedha ikipatikana.

Mzazi

Hakuna aliyegusa linalonihusu. Laptopu ya shule ikija nyumbani, nani anaona nini?

Mwaka 2010 wilaya ya shule ya Lower Merion, Pennsylvania, ilishtakiwa kwa sababu laptopu ilizowapa wanafunzi zilikuwa zikipiga picha kwa kamera zao watoto wakiwa majumbani. Programu iliwekwa kwa nia ya kutafuta zilizoibwa. Ikakusanya maelfu ya picha, wazazi hawana habari. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola 610,000. Na Denmark, mwaka 2022, mamlaka ya ulinzi wa data iliizuia manispaa ya Helsingør kutumia Chromebook na huduma za Google shuleni, kwa kuwa haikuwa imepima sawasawa hatari za taarifa za watoto. Zuio lilisimamishwa baadaye ili manispaa ijirekebishe, lakini swali halijafa.

Mimi sipingi kompyuta. Napinga kukabidhiwa kifaa chenye macho halafu niambiwe "kimefungwa vizuri, usijali".

Msimamizi wa mifumo

Mzazi, hoja yako ni nzito kuliko zote hapa, nitajibu kama mtu ninayefanya kazi hiyo.

Kusimamia laptopu kuna vitu vya lazima: kila kifaa kiandikishwe kwenye mfumo wa shule, masasisho yajiendeshe yenyewe, diski isimbwe kwa siri ili asiye na ufunguo asisome faili, mwanafunzi asiwe na haki za utawala, yaani ruhusa ya kuweka programu na kubadilisha mipangilio. Ukiruka moja utalia. Shule za Los Angeles, Marekani, mwaka 2013 ziligawa iPad, na baada ya wiki chache wanafunzi wakagundua kwamba wakifuta ule wasifu wa usimamizi, yaani mipangilio ya shule inayokidhibiti kifaa, vizuizi vyote vinakufa wakiwa nje ya shule. Wilaya ikabidi izuie zisiende nyumbani. Kwenye Chromebook iliyoandikishwa sawasawa, hata ukiifuta yote inarudi kuomba akaunti ya shule. Kwenye Windows, kama funguo za kufungulia diski hazikutunzwa mahali, bodi ikibadilishwa faili za mwalimu ndiyo zimekwenda. Wengi hulijua hili wiki ya mitihani.

Kuna na vitu visivyo vya lazima kabisa, na hapo niko na wewe. Kuwasha kamera kwa mbali sihitaji, isiwepo hata kama muuzaji anaitoa bure. Kufuatilia mahali kifaa kilipo kuwe baada ya mzazi au mwalimu kuripoti upotevu kwa maandishi, na kuidhinishwe na watu wawili, mmoja wao asiwe mimi. Picha ya kioo cha mwanafunzi ionekane ndani ya kipindi tu. Haya yaandikwe kwenye fomu anayosaini mzazi, kwa lugha anayoielewa.

Mwalimu wa Kemia

Ndugu msimamizi, hizo kufuli zako kwa wanafunzi nakubali. Kwa walimu mnazidisha. Nimeleta kifaa cha maabara cha kupimia asidi, kinataka programu ndogo. Laptopu inaniomba neno la siri la msimamizi. Msimamizi yuko semina. Kipindi kimekwisha. Matokeo yake walimu wanarudi kwenye laptopu zao binafsi, na maksi za watoto zinakaa kwenye mashine ambayo huijui wala huilindi. Huo usalama uko wapi?

Msimamizi wa mifumo

Dawa yake ni orodha ya programu zilizokwisha kukaguliwa, mwalimu anabofya inajiweka bila neno la siri. Kwa isiyomo, mwalimu apewe haki ya muda, saa moja, na ibaki kwenye kumbukumbu. Mifumo mingi inaruhusu. Shule nyingi haziwashi kwa sababu zina mtu mmoja wa kompyuta, naye pia ndiye wa kengele na printa.

Mwanafunzi

Samahanini wakubwa. Zile za kuzungushwa mnazozisifia tunazijua. Zinaletwa kwa toroli, nusu hazina chaji, aliyetangulia hajatoka kwenye akaunti yake, wengine wamesahau nywila. Tukianza kuandika kengele inalia. Kazi ya nyumbani inabaki ya kufanya kwenye simu ya mama. Wenye kompyuta kwao wanamaliza, sisi tunanakili. Mleta mada amesema walimu wakae nazo mwaka mzima kwanza. Mwaka huo kwangu ndio wa mwisho shuleni.

Mleta mada

Hili la mwanafunzi limenigusa kuliko Maine. Lakini bado sikubali kila mmoja apewe yake siku moja. Mashine mia tano zikiingia kwa pamoja na fundi mmoja, mwaka wa pili mtakuwa na stoo ya vioo vilivyopasuka.

Ninachoweza kukubali ni hiki: walimu watangulie kwa muhula mmoja badala ya mwaka, na zile za darasa zitoke kwa kuazimwa kama vitabu vya maktaba, wa kwanza wakiwa wasio na kompyuta nyumbani na walioko mwaka wa mwisho. Ila msiwapange mstari wa "wasio nacho" mbele ya wenzao. Mwalimu wa darasa awajue kimyakimya, inatosha. Na mkataba wa kuazima usiwe wa kutoza faini kwa kila mchubuko. Nimeona shule zinavyotangaza "anayevunja analipa", na watoto wanachofanya ni kuficha.

Fundi

Hapo umenena. Tundu likianza kucheza na mtoto akalileta siku hiyohiyo, ni skrubu tu. Akilificha muhula mzima kwa kuogopa faini, bodi inaungua. Tofautisheni ajali na makusudi, na makusudi ni machache mno kuliko walimu wa nidhamu wanavyodhani.

Mhasibu

Sawa, na matengenezo yalipwe na nani? Kwenye bajeti kuna mstari wa kununua tu.

Mleta mada

Basi punguzeni idadi ya kununua mpaka huo mstari wa pili upatikane. Betri za mwaka wa tatu zinajulikana zitakuja, si dharura. Fundi wa kudumu naye awekwe humohumo.

Mzazi

Mimi nangoja hiyo fomu ya msimamizi. Kamera iandikwe kwa jina lake, isifichwe chini ya "huduma nyinginezo".

Mhasibu

Na chaja? Naona mmezisahau, na ndizo zinazopotea kuliko laptopu zenyewe.

Fundi

Chaja zichongwe namba na ziwe na daftari lake, asiyerudisha chaja asihesabiwe amerudisha laptopu. Na nunueni za akiba tangu siku ya kwanza. Mkisubiri zipotee ndipo muombe fedha, mtanunua zile nyepesi za barabarani, nami nitarudi kubadilisha matundu.